Gari Lililolala

Mjomba alipokata springi za nyuma za gari lake la zamani, bibi alipanda mara moja tu. Tuta la kwanza, ekseli ikagonga chasisi, naye akasema, "Nishushe hapa hapa." Nilicheka. Siku hizi namwelewa. Springi iliyokatwa ni fupi na ngumu zaidi, haina nafasi ya kunepa, kwa hiyo kishindo chote huishia kiunoni mwa abiria wa nyuma.

Basi kwa nini watu walianza kushusha magari? Huko California, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walipakia mifuko ya mchanga kwenye buti. Wengine wakakata springi. Gari likakaribia kuburura tumbo, likaenda polepole. Ndivyo walivyotaka: waonekane, katika miji iliyopenda wasionekane. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ya jimbo ikakataza bodi kushuka chini ya rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre na baba yake wakaifunga Corvette pampu za haidroliki zilizotoka kwenye ndege. Polisi akija, gari linainuka. Akienda zake, linalala tena.

Marufuku ile ilifutwa Januari 1, 2024. Mjomba hakuwa na pampu, wala polisi wa kumkwepa. Alitaka tu mtaa umtazame. Na kweli ulimtazama, ila bibi aliendelea kwenda sokoni kwa miguu.