Pareto: Ua lililopata soko vitani, likalipoteza wakati wa amani

Huko Molo, Kinangop na Kisii, nchini Kenya, kuna nyumba nyingi za mabati, na karo nyingi za sekondari, zilizolipwa na ua dogo jeupe lenye kitovu cha manjano. Hakuna anayepanda pareto ili kupamba meza. Hupandwa kwa sababu huua wadudu.

Asili yake si Afrika. Ni mmea wa pori wa pwani ya Dalmatia, katika Kroatia ya leo, unaoota kwenye miamba mikavu. Katika karne ya 19 wenyeji walikausha maua yake na kuyasaga, na unga huo ukauzwa ng’ambo kuua viroboto na kunguni. Vita Vikuu vya Kwanza viliivuruga biashara hiyo, na Japani ikaichukua. Wajapani walikuwa wamejiandaa: mfanyabiashara Eiichiro Ueyama alianza kuhimiza kilimo cha pareto tangu miaka ya 1880. Alitengeneza pia vijiti vya kufukuza mbu, ila viliungua vikaisha kabla usiku haujakolea. Mkewe, Yuki, ndiye aliyependekeza mwaka 1895 kwamba dawa hiyo izungushwe kama nyoka aliyejikunja. Kwa hiyo ile dawa ya mbu ya mviringo inayowashwa Mombasa kila jioni ni wazo la mama huyo, ingawa nyingi siku hizi hazina hata chembe ya pareto.

Kenya ilipata pareto mwishoni mwa miaka ya 1920 kupitia walowezi. Mmea huu hautoi maua vizuri bila usiku wa baridi, na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800 karibu na ikweta, baridi hiyo ipo karibu mwaka mzima. Ndiyo maana huku kwetu mchumaji hurudi kwenye shamba lile lile kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi mingi. Kisha Desemba 1941 Japani ikaingia vitani dhidi ya Marekani na Uingereza. Pareto ya Japani ikakosekana, na majeshi ya nchi hizo mbili, yaliyosumbuliwa na malaria na chawa, yakaigeukia Kenya.

Uchumaji wenyewe unataka jicho. Sumu yake, pairethrini, hukaa hasa katika vijimbegu vilivyo kwenye kitovu, si katika petali. Ua likichumwa changa sumu yake ni kidogo. Likiachwa likazeeka, thamani inashuka. Huchumwa bila kikonyo, likaanikwa siku hiyo hiyo lisije likavunda. Kilo nne mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, na ndani ya hiyo kilo pairethrini ni kama asilimia moja au mbili tu. Jua huivunja sumu hiyo upesi, na ndiyo sababu inapendwa kwa dawa za nyumbani na za ghala za nafaka.

Baada ya Uhuru, wakulima wadogo na vyama vyao vya ushirika ndio waliobeba zao hili, na Kenya ikauza zaidi ya nusu ya pareto yote duniani. Wengi husema liliuawa na kemikali za viwandani, hasa pamethrini, iliyotengenezwa Uingereza na Michael Elliott na wenzake mwaka 1973 kwa kuiga umbo la pairethrini. Sikubaliani nao. Kenya iliendelea kuongoza kwa miaka takriban ishirini baada ya hapo. Kilichong’oa pareto Kisii na Nyandarua ni malipo. Bodi iliyonunua maua ililemewa na madeni, na wakulima wakangoja fedha zao miezi, wengine miaka. Walichoka, wakapanda viazi, mahindi na chai. Tasmania, kisiwa cha Australia kinachovuna pareto kwa mashine, kikashika soko. Dalmatia na Japani zilipokonywa soko na vita. Sisi hatukupigana na mtu.

Jirani zetu Tanzania wanaendelea kulima katika nyanda za juu za kusini, na kiwanda kipo Mafinga. Hapa Kenya, kaunti kama Nakuru zimekuwa zikigawa miche tena. Miche ni mizuri, lakini haikuwa tatizo tangu mwanzo. Serikali ikitaka kilimo hiki kirudi, ianzie kwenye mzani wa kituo cha kununulia: maua yakipimwa, mkulima alipwe kabla mwezi haujaisha.