Kichwa gani kinafaa kupandikizwa nywele? Historia fupi kwa vijana wenzetu



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa Gashonga, huku Rusizi ambako wazee bado wanaita Cyangugu, alikuja kwenye kikundi chetu cha akiba kuomba mkopo. Ana miaka 21. Tulidhani anataka kuuza sambaza. Kumbe anataka pesa za kwenda Uturuki kupandikizwa nywele, ameona tangazo kwenye simu. Akavua kofia, tukaona pembe mbili za mbele zimerudi nyuma. Hakuna aliyecheka. Dada mmoja naye akafungua kitambaa: kandokando ya paji nywele zimeisha. Mama mmoja akasema zake zilianguka kwa mafungu, miezi mitatu baada ya kukimbia.

Vichwa vitatu, na wote wanauliza operesheni moja. Tukasema tusome kwanza kabla ya kutoa hata faranga moja.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1939 daktari wa Japani, Shoji Okuda, aliandika jinsi alivyokata vipande vidogo vya duara vya ngozi yenye nywele na kuvipanda mahali penye kovu. Vita ikaja, nje ya Japani wachache sana walimsoma. Mwaka 1952 kule New York, Norman Orentreich akaanza kuwapanda wanaume wenye upara, na mwaka 1959 akachapisha alichokiona: nywele ikitolewa nyuma ya kichwa na kupandwa mbele, inaendelea kuishi kama ilivyokuwa inaishi nyuma. Inafuata ilikotoka, si ilikohamia. Sisi wakimbizi hilo tunalielewa haraka.

Maana yake operesheni haiongezi nywele, inahamisha tu. Nyuma ya kichwa ndiyo ghala la mbegu. Kama ghala ni tupu au lina ugonjwa, hakuna cha kupanda. Hilo ndilo swali la kwanza la daktari.

Swali la pili ni umri. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton aliandika juu ya wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakupata upara. Walipopewa homoni ya kiume, wale wenye upara kwenye ukoo wakaanza kunyonyoka. Basi upara wa kawaida wa wanaume unahitaji vitu viwili, homoni na ukoo, na unaenda polepole. Mwaka 1975 O'Tar Norwood akaupanga katika ngazi 7. Sasa kijana wa miaka 21 yuko ngazi ya chini, na hakuna anayejua atafika ya ngapi. Akipandwa mbele leo, na zile za katikati zikaendelea kuondoka, atabaki na kisiwa cha nywele juu ya paji. Ndiyo maana madaktari waangalifu wanasita kumpanda mtu wa chini ya miaka 25. Wanaanza na dawa ya kupunguza mwendo, kama minoksidili ya kupaka, kisha wanangoja waone.

Swali la tatu ndilo kubwa: nywele zimeanguka kwa nini?

Dada yetu anasuka rasta za kubana tangu shule ya msingi. Ugonjwa huo wa kuvuta uliandikwa tangu 1907, tena si Afrika: ni wanawake wa Greenland waliofunga nywele kwa nguvu. Karibu miaka 100 baadaye, Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walipima watu wazima, wakaukuta kwa karibu mwanamke 1 kati ya 3. Mwanzoni dawa yake haina gharama: legeza, acha kubana, zinaweza kurudi. Ikipita miaka mingi mizizi inakufa. Hapo operesheni inaweza kuongelewa, lakini kama kubana kumekoma. Vinginevyo utavuta hata zile mpya.

Na mama? Mwili ukipigwa na homa kali, uzazi, njaa au hofu kubwa, nywele nyingi zinaacha kukua kwa pamoja, halafu zinaanguka miezi 2 au 3 baadaye. Kwa kawaida zinarudi zenyewe. Mtu wa namna hiyo akipasuliwa, amepasuliwa bure.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi. Nywele zetu za kujipinda, hata mzizi wake umejipinda chini ya ngozi. Daktari asiyezizoea anaukata wakati wa kuutoa, na ghala linapungua bila faida. Tena kama kidonda chako huwa kinaacha kovu la kuvimba, lazima useme kabla. Na kichwa cha mtoto chenye mapunye kinataka dawa ya kumeza, mafuta peke yake hayafiki kwenye mzizi.

Wajuzi wa ngozi zetu wapo. Tangu 1992 kule Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo kinachofundisha magonjwa ya ngozi kwa wahudumu wa nchi nyingi za Afrika. Tuanzie kituo cha afya, tuombe kuelekezwa kwa mtu wa ngozi, ndipo tuongee habari ya ndege.

Mkopo hatukuutoa. Kaka yetu alinuna, na tunamwelewa: mtu aliyepoteza nyumba hataki kupoteza na sura yake. Lakini deni la kikundi linalipwa na wote, na tangazo la simu halikumwuliza hata swali moja kati ya haya matatu.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mtu akiwaletea habari ya nywele, msimwambie kuna shida kubwa kuliko hiyo. Mwulizeni zilianza kuanguka lini, na siku zile alikuwa anapitia nini.