Jenzii: Kizazi au Rika?

Tangu mwezi wa Juni mwaka 2024, vijana wa Kenya walipojaa katika barabara za Nairobi na Mombasa na miji mingineyo kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 baadhi yao wakaingia hata ndani ya Bunge, na siku ya pili yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule, jina la jenzii, yaani "Gen Z" ya Kiingereza, limekuwa katika vinywa vya watu wote, wazee kwa watoto. Walakini maana yake haijapata kupimwa kwa makini inavyostahili.

Asili yake ni mpango wa herufi tu. Herufi X, jina la waliotangulia, ilipata umaarufu kwa riwaya ya Douglas Coupland wa Kanada iliyochapishwa mwaka 1991. Waliofuata wakaitwa Y, na baada yao Z. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya Pew, ya Marekani, ikaweka mpaka wa Z kuwa waliozaliwa tangu 1997 hadi 2012, na miongoni mwa hoja zake ni kuwa hao walikuwa wadogo mno kuyakumbuka mashambulizi ya Septemba 2001. Hoja hiyo ni ya Wamarekani, na kwao ina uzito. Sioni kwa nini iwe ndiyo mizani ya mtoto wa Kisumu au wa Lamu.

Wafasiri wetu aghalabu husema "kizazi cha Z". Lakini kizazi chatokana na kuzaa, nacho huhesabiwa kwa nasaba: babu, baba, mwana, mjukuu. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja wa mwaka 1994 na wa pili wa 1999, ni kizazi kimoja mbele ya wazee wao, ilhali hesabu ya Pew huwatenga. Tena mwanasosholojia Karl Mannheim, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1928, alikwisha kubainisha kwamba kuzaliwa wakati mmoja hakutoshi kuwafanya watu kuwa kundi, mpaka wawe wameshiriki majaaliwa ya zama zao. Jambo hilo Waswahili waliliita rika, na watu wa pwani hirimu. Na Wakikuyu, ambao kwao neno ni riika, waliwapa waliotahiriwa pamoja jina la tukio kubwa la wakati ule, kama njaa au maradhi, wala hawakutafuta herufi.

Na hivyo ndivyo lilivyogeuka jina hili mikononi mwa Wakenya. Miongoni mwa waliotoka barabarani wakijitangaza kuwa hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama, walikuwamo pia waliozaliwa kabla ya 1997, nao waliitwa jenzii kwa msimamo wao, si kwa cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo nawasihi wahariri na walimu wa lugha: tuandike "rika la Z", kizazi tuiachie nasaba, na mpaka wa rika hilo tuuweke kwa matukio yaliyotupata sisi wenyewe.