Ndege za Usiku za Uli

Mwezi Mei 1968 majeshi ya serikali ya Nigeria yaliteka Port Harcourt, na tangu siku hiyo Biafra haikuwa tena na bandari. Vita ilikuwa na miezi kumi tu. Mamilioni ya watu, wengi wao wakimbizi, walibanwa katika eneo lililozidi kupungua, bila nyama, samaki wala chumvi. Watoto walivimba miguu na matumbo, nywele zikawa nyekundu. Ni kwashakoo ile ile tunayoijua sisi.

Mataifa yalifanya nini? Uingereza na Urusi ziliiuzia Nigeria silaha, Ufaransa ikaisaidia Biafra kichinichini. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulisimamia umoja wa Nigeria. Mwalimu Nyerere aliitambua Biafra mwezi Aprili 1968, wa kwanza kabisa, lakini kutambuliwa hakujazi sufuria.

Waliojaza sufuria, kwa sehemu kubwa, walikuwa makanisa. Kutoka São Tomé, kisiwa cha Wareno wakati huo, Caritas ya Wakatoliki na makanisa ya Kiprotestanti ya Skandinavia, Ujerumani na Marekani waliunganisha ndege zao chini ya jina Joint Church Aid. Mtaguso wa Vatikano ulikuwa umemalizika mwaka 1965 tu, na tayari watu hawa walikuwa wakipakia magunia pamoja. Marubani walizisoma herufi JCA kwa utani: Shirika la Ndege la Yesu Kristo.

Walitua Uli, kipande cha barabara kilichopanuliwa, usiku tu, taa zikiwashwa kwa muda mfupi huku ndege ya Nigeria ikizunguka juu na mabomu. Walileta samaki wakavu wa Norway, maziwa ya unga, chumvi na dawa: safari zaidi ya 5,000, tani zipatazo 60,000. Wapo marubani waliokufa hapo.

Lakini ndugu msomaji, tusiharakishe kupiga makofi. Uwanja huo huo ulipokea bunduki usiku huo huo. Ada za kutua zilimpa Ojukwu fedha za kigeni. Lagos ilitaka chakula kikaguliwe. Ojukwu alikataa, akihofia sumu na mashambulizi, na baadhi ya wakubwa wa Lagos walisema waziwazi kwamba njaa ni silaha halali. Carl Gustaf von Rosen, Msweden aliyepeleka chakula Agosti 1968, alirudi Mei 1969 na vindege vyenye roketi kushambulia viwanja vya Nigeria. Siku chache baadaye, tarehe 5 Juni, ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa. Msalaba Mwekundu ukasimamisha safari zake, makanisa yakaendelea.

Wapo wanaosema chakula kile kilirefusha vita. Huenda ni kweli. Mathayo 25 haituambii tufanye nini pale mwenye njaa na mwenye bunduki wanapotumia uwanja mmoja. Hata hivyo siamini kwamba mtoto wa Umuahia alipaswa kungoja tulimalize swali hilo.

Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Gowon alikataa misaada ya waliokuwa wameiunga mkono, makanisa yakiwemo, na mapadre waliobaki na waumini wao hadi mwisho walifikishwa mahakamani Port Harcourt kwa kosa la kuingia nchini bila kibali, kisha wakafukuzwa.