Kasiba ya Nyuzi: Safari Ndefu ya Mtutu Mwepesi

Wazee wa pwani waliuita mtutu wa bunduki kasiba. Neno hilo lilitoka kwenye Kiarabu, ambako asili yake ni unyasi au mwanzi wenye uwazi ndani. Waliochagua jina hilo walijua walichokiona. Mwanzi ni mwepesi na mtupu katikati, lakini haupindi kirahisi, kwa sababu nyuzi zake zimesongamana zaidi kwenye ukuta wa nje. Udhaifu wake nao uko wazi: upige panga kichwani, utapasuka kwa urefu hadi chini, maana nyuzi zake zinakwenda juu na chini wala hazizunguki.

Mtutu unadaiwa yote mawili: usipinde na usipasuke. Baruti ya raifo ya kuwindia ikiwaka, mgandamizo ndani hufika mara 4,000 hivi ya ule wa hewa tunayovuta, na joto la gesi hupita nyuzi 2,000. Chuma cha pua kinalipa madeni hayo, ila kwa uzito, na uzito huo anaubeba mwindaji begani kutwa nzima.

Mafundi wa kuzungusha

Wazo la kuimarisha mtutu kwa kuuzungushia kitu ni la zamani. Katika karne ya 19, mafundi wa Liège, Ubelgiji, na wa Birmingham, Uingereza, walisokota vipande vya chuma laini na chuma cha pua, wakavizungusha kwenye fito, kisha wakavifua motoni hadi vikawa bomba moja. Mitutu hiyo, iliyojulikana kwa jina la Damascus, ilikuwa na marembo kama ya mkeka wa ukindu. Lakini kila kiungo kilikuwa pia mahali pa kupasukia iwapo fundi alikosea.

Miaka ya 1890, Uingereza ilifunga mizinga ya manowari zake kwa nyaya za chuma, ikiwemo ya HMS Majestic. Nyaya zilibana vizuri na mizinga ikastahimili mgandamizo mkubwa. Ila waya unaozunguka hausaidii kitu kwa urefu, na mizinga mirefu ya aina hiyo ilikuwa na tabia ya kuinama mdomoni kwa uzito wake yenyewe. Mwanzi hupasuka kwa kukosa nyuzi za kuzunguka. Mizinga ile iliinama kwa kukosa za urefu.

Somo kali zaidi lilikuja Marekani mwaka 1957. Kampuni ya ArmaLite ilipeleka bunduki yake ya AR-10 kupimwa kwenye karakana ya jeshi ya Springfield. Mkuu wa kampuni, George Sullivan, alishikilia iwe na mtutu wa chuma chembamba kilichovikwa aluminiamu, ingawa mbunifu wake, Eugene Stoner, alipinga. Katika majaribio ya kuchosha, mtutu ulipasuka ubavuni. Kampuni ikarudi kwenye chuma.

Miaka miwili baadaye Winchester ilitoa Model 59, bunduki ya marisau iliyokuwa na bomba jembamba la chuma lililozungushiwa nyuzi za kioo, urefu wa takriban kilomita 800 kwa mtutu mmoja. Haikupasuka, lakini wawindaji wa ndege waliiona nyepesi mno mbele. Anayemfuata ndege angani huhitaji uzito kidogo mdomoni ili mkono usisite njiani. Ilipofika 1965 utengenezaji ulisimama.

Uzi uliotoka kwenye taa

Uzi uliokuja kufaulu, wa kaboni, ulianzia kwenye taa. Mwaka 1880 Thomas Edison alikuwa akichoma vijiti vya mwanzi hadi vikabaki uzi wa kaboni unaowaka ndani ya balbu. Mwanzi uliomfaa zaidi ulitoka Japani. Uzi huo ulitoa mwanga lakini haukuwa na nguvu. Nguvu ilipatikana mwaka 1958, pale Roger Bacon, mwanafizikia wa Union Carbide, alipotengeneza nyuzi ngumu za kaboni huko Parma, Ohio. Punde si punde, Akio Shindo wa Osaka akazipata kutokana na plastiki ya akriliki, na katika miaka ya 1960 watafiti wa Farnborough, Uingereza, wakaziboresha kwa ajili ya ndege. Miaka ya 1970 zikafika kwenye fimbo za gofu na mianzi ya kuvulia samaki.

Bunduki ilisubiri. Mmoja wa waliovunja ukimya ni Roland Christensen wa Utah, mhandisi aliyebuni pia miguu ya bandia ya kaboni kwa watu waliokatwa viungo. Mwaka 1995 alianzisha Christensen Arms, na mitutu iliyovikwa kaboni ikaingia sokoni. Baadaye Proof Research ya Montana ikaongeza ujuzi wa resini (gundi ya kushika nyuzi) zinazostahimili joto, uliotokana na kazi za ndege na anga.

Ukiutazama kwa karibu, ufundi huu ni wa subira. Fundi huanza na mtutu wa chuma kisichoshika kutu ambao tayari una mifereji ya ndani inayozungusha risasi. Anaukereza hadi unakaribia unene wa kidole, ila sehemu ya nyuma, kunakolipuka baruti, anaiacha nene. Kisha mtutu unazunguka taratibu kwenye mashine, nyuzi zilizoloweshwa resini zikilala juu yake tabaka kwa tabaka, kila uzi mwembamba mara kumi hivi kuliko unywele. Nyingine hulazwa kwa urefu ili mtutu usipinde, nyingine kwa pembe ya kuzunguka ili usipanuke. Mwisho unaokwa kwenye tanuri na kusuguliwa. Sasa ni mnene tena, lakini nyama yake mpya ina uzito wa karibu moja ya tano ya chuma.

Kinachopatikana na kinacholipwa

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Mtutu mnene wa chuma wa sentimita 61 waweza kuzidi kilo 2. Wa kaboni wenye unene unaokaribiana una kilo 1 na robo hivi. Lakini mtutu mwembamba wa chuma, ambao wawindaji wa milimani wamebeba miaka yote, nao una takriban kilo 1. Anayetaka wepesi peke yake hahitaji kaboni. Anachonunua ni unene usio na uzito, na unene ndio ukakamavu: kipenyo kikiongezeka maradufu, ukakamavu huongezeka mara 16.

Malipo yapo, mbali na bei inayoweza kuwa maradufu au zaidi. Resini hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo mtutu waweza kuwa wa vuguvugu mkononi huku chuma cha ndani kinaungua. Chuma cha sentimita 60 kikipata joto la nyuzi 100 zaidi hurefuka zaidi ya nusu milimita, ilhali uzi wa kaboni haurefuki karibu kabisa. Wawili hao wamefungwa pamoja na wanavutana. Kazi ikiwa mbovu, risasi huhama shabaha. Tena bunduki nyepesi hupiga bega teke kali na hutikisika kwa kila pumzi. Anayemkabili nyati kwa bunduki ya .375 ya Holland & Holland hushukuru uzito alioubeba tangu asubuhi.

Aliyepanda mwamba wa Montana kwa muda wa saa tano kumfuata kondoo-mwitu ana hesabu nyingine. Atapiga mara moja, pengine mbili, na mtutu ukiwa baridi. Mnyama yule ana haki ya kufa upesi, na haki hiyo yote iko kwenye risasi ya kwanza.

Kwa hiyo kipimo cha mtutu huu ni rahisi. Nenda uwanja wa shabaha asubuhi tano, piga risasi moja kila siku kwenye karatasi ileile, kisha urudi nyumbani. Matundu matano yakikaa pamoja, nyuzi na chuma vimepatana. Yakitawanyika, wepesi wa mtutu huo utalipwa na mnyama.