Madaktari wa California na Mtihani Waliojitungia

Mwaka 1870 madaktari wachache wa Marekani walikutana New York wakaunda chama cha kuwatibu walevi. Walishikilia kwamba ulevi ni maradhi na kwamba unatibika, na hospitali ya kuutibu ilikuwa imeshafunguliwa Binghamton, katika jimbo hilohilo, tangu 1864. Mwaka 1876 wakaanzisha na jarida, ambalo T. D. Crothers alilihariri kwa karibu miaka 40. Lilikoma mwaka 1914. Desemba ya mwaka huo ikapita Sheria ya Harrison ya kudhibiti kasumba na kokeini, na mwaka 1919, katika kesi ya Webb, Mahakama Kuu ikaamua kwamba daktari anayemwandikia mraibu mofini ili tu asishikwe na arosto hatibu mtu. Madaktari walishtakiwa. Waliosalimika walielewa somo, wakawafungia waraibu milango.

Pengo lililofuata lilikuwa refu. Mwaka 1935 serikali ilifungua hospitali ya waraibu Lexington, Kentucky, ambayo nusu yake ilikuwa gereza. Mwaka huohuo huko Akron, dalali wa hisa na daktari mpasuaji, wote walevi waliotaka kuacha, wakaanzisha Alcoholics Anonymous. Chama cha madaktari kiliibuka tena mwaka 1954, New York, chini ya Ruth Fox, daktari wa magonjwa ya akili ambaye ulevi aliuonja nyumbani kwake kupitia kwa mumewe. Mwaka 1967 chama chake kikawa cha taifa zima. Lakini kilihusika na pombe peke yake.

California mambo yalikwenda tofauti, na kwa maoni yangu ndiko fani hii ilikopata sura iliyo nayo leo. Juni 1967 kijana David Smith, daktari, alifungua zahanati ya bure mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, wakati vijana kutoka kila pembe ya nchi walipokuwa wakimiminika mjini humo. Waliofika pale walikuwa na LSD kichwani, au amfetamini, baadaye heroini, na wengi walichanganya na pombe. Kusini, Long Beach, hospitali ya jeshi la majini ilikuwa ikiwatibu walevi wa aina nyingine kabisa: maofisa wenye vyeo na, mwaka 1978, Betty Ford, mke wa rais mstaafu.

Madaktari wa pande hizo mbili hawakuwa na sababu ya kuketi pamoja. Pombe ilikuwa halali, na mlevi aliweza kuwa jaji au rubani. Mtumia heroini alihesabiwa mhalifu. Waliokuwa wakiwatibu walevi walichelea heshima ndogo waliyoipata isije ikachafuliwa na unga. Hata hivyo mwaka 1973 waliunda chama kimoja cha jimbo, Jess Bromley akiwa miongoni mwa waasisi, na jina walilokipa liliitaja pombe pamoja na dawa nyingine za kulevya.

Kisha wakafanya jambo ambalo hakuna aliyewatuma kulifanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitunga mtihani wao wenyewe. Hakukuwa na bodi ya taifa iliyoutambua ubingwa huu, wala hospitali iliyodai cheti chake, na aliyefeli hakupoteza kazi. Walichokitaka ni mpaka. Siku hizo yeyote aliweza kujiita mtaalamu wa ulevi, na daktari mwenye elimu ya kweli hakuwa na namna ya kujitofautisha na mganga wa maneno matamu. Kuutunga mtihani kuliwalazimisha pia waafikiane kuhusu kinachopaswa kujulikana: ini la mlevi, degedege la anayeacha pombe ghafla, kipimo cha methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Hii methadoni ni ileile ambayo Vincent Dole na Marie Nyswander waliijaribu New York katikati ya miaka ya 1960, na ambayo tangu Februari 2011 mateja wa Dar es Salaam wanainywa Muhimbili, mbele ya muuguzi.

Mwaka 1983 na 1984 viongozi wa vyama vilivyokuwa vikivutana, pamoja na kile cha Georgia cha daktari Douglas Talbott, walialikwa kwenye shamba la familia ya Kroc, wenye McDonald's, hukohuko California. Joan Kroc alikuwa na mfuko wa kupambana na ulevi. Walikubaliana kuwa na chombo kimoja cha taifa. Mtihani wa taifa ukafuata 1986, na jina la sasa, lenye neno uraibu, 1989. Max Schneider katikati ya miaka ya 1980, kisha Smith katika miaka ya 1990, wote watu wa California, walikiongoza.

Mabingwa wa fani nyingine walikaza shingo. Utambuzi rasmi wa bodi za ubingwa ulitangazwa mwaka 2016 tu, na hata hapo fani iliwekwa chini ya tiba ya kinga.

Lipo doa pia. Mwaka 1980 bodi ya madaktari ya California ilianzisha mpango wa kuwatibu kwa siri madaktari waraibu badala ya kuwafutia leseni, wazo lililokuwa karibu na mioyo ya wanafani hii, kwani baadhi yao walipitia njia hiyohiyo. Wakaguzi wa serikali waliukuta usimamizi wake ni dhaifu mara kwa mara, na mwaka 2008 ukafungwa. Wagonjwa waliokuwa mikononi mwa madaktari hao walistahili ulinzi zaidi ya ule walioupata, nao udugu wa kitaaluma haukuwa tayari kuliona hilo mapema.

Sheria iliyowabana madaktari nayo imelegea kwa vipande. Tangu kuanza kwa 2023 daktari wa kawaida Marekani haombi tena kibali maalumu ili kumwandikia mraibu buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini. Methadoni ya kutibu uraibu bado hutolewa katika vituo vyenye leseni pekee.