Theluji Iliyowahi: Habari za Wasafiri wa Mwaka 1846

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki mwaka hugawanywa hasa kwa mvua na upepo. Lakini katika nchi za kaskazini mwaka hugawanywa kwa joto na baridi, nao una majira manne. Baada ya majira ya joto huja majira ya majani kupukutika, yaani tangu mwezi wa Septemba mpaka Novemba. Jua hupungua nguvu, siku hufupika, miti mingi huangusha majani yake, na wakulima huharakisha kuingiza mavuno ghalani. Mwisho wa majira hayo ndio wakati wa kuangaliwa sana, maana bondeni kungali na jua na majani ya kulisha ng'ombe, hali juu ya milima theluji imekwisha kuanza. Mtu aliye chini hutazama mbingu safi akadhani bado ana siku nyingi. Kumbe njia ya mlimani iko karibu kufungwa.

Wale wakaao chini ya Kilimanjaro huiona theluji kileleni, ingawa imepungua sana siku hizi. Lakini theluji ile haishuki migombani wala haizibi njia ya kwenda sokoni. Kwa hiyo si rahisi kwetu kufahamu jinsi theluji iwezavyo kumfunga mtu kama aliyetiwa gerezani. Habari za wasafiri wa mwaka 1846 katika nchi ya Marekani zitatuonyesha jambo hilo, na tena zitatuonyesha kwamba si theluji peke yake iliyowaangamiza.

Upande wa magharibi wa Marekani iko safu ya milima iitwayo Sierra Nevada, yenye urefu wa maili 400 hivi. Inasimama kama ukuta kati ya nchi kavu ya ndani na nchi ya California iliyo karibu na bahari ya Pasifiki. Pepo zitokazo baharini huja zimejaa mvuke wa maji. Zikifika milimani hulazimika kupanda, na kwa kupanda hupoa, na kwa kupoa huangusha maji yake. Nayo wakati wa baridi huanguka kuwa theluji. Mahali penye kipito kilichotumiwa na wasafiri, yaani palipoinama kati ya vilele ambapo watu waliweza kuvuka, pana kimo cha futi 7,000 na kidogo. Hapo theluji iangukayo katika mwaka mmoja, kwa wastani, ikipimwa kila inapoanguka na kujumlishwa, hupata kama futi 30. Ni mahali pachache Marekani panapopata theluji nyingi kama hiyo.

Wenyeji wa nchi ile waliyajua haya tangu zamani. Wawasho, ambao wakati wa joto walikaa juu penye maziwa ya milimani wakivua samaki, walishuka majani yalipopukutika, wakapitisha baridi katika mabonde ya chini. Hawakungoja kufukuzwa na theluji.

Sasa mwezi wa Aprili mwaka 1846 jamaa tatu ziliondoka mji wa Springfield katika Illinois, kwa nia ya kuhamia California. Wakubwa wao walikuwa George Donner, mkulima mwenye umri wa miaka 60 hivi, na ndugu yake Jacob, na James Reed. California wakati ule ilikuwa ya Meksiko, na mwaka ule ule vita vilianza kati ya Meksiko na Marekani. Walikwenda na wake zao na watoto wao, na vyombo vyao katika magari ya kukokotwa na maksai. Njiani watu wengine wakajiunga nao, hata wakawa 87 kwa hesabu ijulikanayo sana.

Safari hiyo ilikuwa na hesabu yake. Ilizidi maili 2,000, na gari la maksai huenda polepole. Mtu hakuweza kuondoka mapema mno, maana majani ya kulisha wanyama yalikuwa hayajaota. Wala hakuweza kuchelewa, maana ilimpasa avuke Sierra Nevada kabla ya theluji. Watu wa pwani yetu wanalifahamu jambo hili kwa namna nyingine. Nahodha wa jahazi la kwenda Arabuni alikuwa hana budi kuufuata msimu wa kusi, naye ajaye huku aliufuata msimu wa kaskazi. Aliyekosa msimu alikaa bandarini mpaka upepo ugeuke. Lakini huyo alikaa penye soko na kisima. Mwenye kukosa msimu mlimani hana bandari ya kungojea.

Basi kabla yao kilikuwa kimepigwa chapa kitabu, mwaka 1845, kilichoandikwa na mtu mmoja jina lake Lansford Hastings. Katika kitabu hicho alisema kwamba msafiri akiiacha njia ya zamani, akapita upande wa kusini wa ziwa kubwa la chumvi, atafupisha safari yake. Watu walisoma, wakaamini, kwa kuwa limeandikwa. Lakini Hastings alipoyaandika maneno hayo alikuwa hajaipita njia ile yeye mwenyewe. Alikuja kuipita baadaye, naye alikuwa juu ya farasi, si mwenye magari mazito na watoto.

Mwezi wa Juni, kwenye ngome ya Laramie, James Reed alionana na rafiki yake wa zamani, James Clyman, aliyekuwa askari pamoja naye. Clyman alikuwa ametoka kuipita njia ile mwaka ule ule akija kutoka California, tena pamoja na Hastings mwenyewe. Akamwambia Reed aishike njia ya zamani, kwa kuwa ile nyingine haifai magari. Hapa palikuwa na mashahidi wawili: kitabu cha mtu aliyekisia, na kinywa cha mtu aliyetembea. Reed akashika la kitabu. Wazee wetu husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mwisho wa Julai wakaiacha njia ya zamani. Walipofika milima ya Wasatch hawakukuta barabara yo yote, ikawapasa kukata miti na kuondoa mawe ili magari yapite. Kazi hiyo ikala zaidi ya majuma mawili ya wakati mwema wa mwaka. Kisha wakaingia jangwa la chumvi. Walikuwa wameambiwa ni maili 40. Nayo yalikuwa kama 80. Maji yakawaishia, maksai wengi wakakimbia au wakafa kwa kiu, na magari mengine yakaachwa mchangani. Walipoifikia tena njia ya zamani ilikuwa mwisho wa Septemba, na watu walioishika njia ile tangu mwanzo walikuwa wamekwisha kupita zamani. Ile njia ya mkato ilikuwa ndefu kuliko ile waliyoikimbia.

Taabu huzaa ugomvi. Mwezi wa Oktoba Reed alimwua mwenzake mmoja katika ugomvi uliotokea kwa sababu ya maksai, akafukuzwa, akaenda mbele akiacha mke na watoto wanne. Lakini alikuwako pia mtu wa namna nyingine. Charles Stanton alikuwa ametumwa mbele kutafuta chakula. Akavuka milima, akafika salama kwenye ngome ya John Sutter, karibu na mahali ulipo mji wa Sacramento leo. Yeye hakuwa na mke wala mtoto katika msafara ule, wala hakuna ambaye angeweza kumshurutisha kurudi. Walakini alirudi, pamoja na nyumbu saba wenye mizigo ya chakula, na wenyeji wawili wa kabila la Wamiwok, Luis na Salvador, wawe viongozi.

Wakamkuta msafara umechoka. Penye majani mazuri, karibu na ulipo mji wa Reno leo, wakapumzisha wanyama siku kadhaa. Shauri hilo lilikuwa na sababu, maana maksai dhaifu hawapandi mlima. Lakini siku hizo zilikuwa za mwisho walizobakiwa nazo.

Mwisho wa Oktoba theluji ikaanza kuanguka milimani. Wa kwanza walipofika ziwani chini ya kipito wakajaribu kupanda, wakashindwa, wakarudi. Mwanzoni mwa Novemba wakajaribu tena. Magari wakayaacha, watoto wakabebwa, na theluji ikawafika viunoni. Stanton na kiongozi mmoja wakatangulia mpaka juu kabisa, kisha wakarudi kuwaambia kwamba kuvuka kunawezekana, ikiwa watakwenda mara moja. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuuwasha mti mmoja moto, wakaketi kuota, na miguu yao ilikataa kuinuka. Wakasema watakwenda asubuhi. Usiku ule theluji ikaanguka sana. Na kulipokucha hapakuwa na njia.

Wakarudi ziwani, wakajificha katika vibanda vya magogo. Kibanda kimoja walikikuta pale, na habari zake nitaeleza baadaye. Jamaa za Donner walikuwa nyuma kwa maili sita hivi, kwa kuwa gari lao lilivunjika na George Donner akajikata mkono alipolitengeneza. Hao walikaa katika mahema na vibanda vya matawi. Ng'ombe wengi walipotelea chini ya theluji wasionekane tena. Watu wakala ngozi za ng'ombe zilizochemshwa mpaka zikawa kama gundi. Patrick Breen aliandika habari za kila siku katika daftari, tangu tarehe 20 Novemba, naye humo huandika theluji, na njaa, na wafu, na sala.

Katikati ya Desemba watu 17 wakatoka kwenda kutafuta msaada. Walivaa viatu vipana vilivyoundwa kwa miti ya nira na kanda za ngozi, ili wasizame. Wawili wakarudi, 15 wakaendelea. Stanton akapofushwa na mwanga wa theluji, akashindwa kuwafuata, akabaki nyuma akafa. Chakula kilipokwisha kabisa, waliobaki wakala nyama ya wenzao waliokufa. Luis na Salvador walikataa, wakatoroka. Nao walipokutwa wamelala hoi njiani, mmoja wa wasafiri akawapiga risasi ili waliwe. Hawa ndio waliokuja kuwaokoa. Baada ya siku 33 walifika kwa watu, wanaume wawili na wanawake watano. Wanawake wote walioendelea walipona. Katika wanaume na vijana 10 walikufa wanane.

Ndipo msaada ukatumwa, mara nne, tangu Februari mpaka Aprili 1847. Msafara wa pili uliongozwa na Reed yule aliyefukuzwa, naye akawapata mkewe na watoto wake wote wakiwa hai. Tamsen Donner angaliweza kuokoka, lakini alikataa kumwacha mumewe aliyekuwa karibu kufa. Akawatoa binti zake waende, naye akabaki na kufa. Katika watu 87 karibu nusu walikufa. Virginia, binti wa Reed, alimwandikia jamaa yake baadaye, akamwonya asishike kamwe njia ya mkato, bali afanye haraka kadiri awezavyo.

Pengine mtu atasema, ni bahati mbaya tu, theluji iliwahi mwaka ule. Ni kweli iliwahi. Tufikiri habari za kile kibanda. Kilijengwa na wasafiri wa mwaka 1844. Hao walivuka kipito kile kile mwisho wa Novemba, na baadhi ya magari yao, ingawa kwa shida kubwa. Kijana mmoja wao, Moses Schallenberger, mwenye miaka 17, alibaki peke yake kibandani, akaishi kwa kutega mbweha, mpaka akaja kuchukuliwa mwisho wa Februari. Basi mwaka mmoja njia iliweza kupitwa mwisho wa Novemba, na mwaka mwingine ilifungwa mwanzo wa mwezi huo. Hilo ndilo fundisho la majira haya: hayana tarehe. Kwa sababu hayana tarehe, mwenye busara huacha siku za akiba, kama mkulima aachavyo mbegu asizozila. Wasafiri wa 1846 walikuwa na akiba hiyo walipoondoka. Waliitumia yote mwezi wa Agosti, penye jua, walipokuwa hawajaona hata chembe ya theluji.

Watu wa baadaye walijifunza. Reli ilipojengwa kupita hapo, maelfu ya Wachina walitoboa jabali la kipito kwa muda wa baridi ya mwaka 1866 na 1867, na wengi wao waliuawa na theluji iliyoporomoka. Reli ikakamilika mwaka 1869, nayo ikaezekwa dari za mbao kwa maili nyingi ili isifunikwe. Hata hivyo, mwezi wa Januari 1952, treni yenye watu zaidi ya 200 ilikwama siku tatu katika milima hiyo hiyo. Wote waliokuwamo walitolewa salama, kwa kuwa watu wa nje walijua walipo.

Tunayo methali isemayo, haraka haraka haina baraka. Na nyingine isemayo, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kijana akizisikia huuliza, ipi ni ya kweli? Zote mbili ni za kweli, kila moja kwa wakati wake. Walipokuwa ngome ya Laramie ilifaa wakumbuke ile ya kwanza, wasivutwe na njia ya mkato. Walipokuwa chini ya kipito, wakiota moto, ilifaa wakumbuke ile ya pili. Nasi tuliojaliwa kusoma tusiache kusoma; lakini tukisoma habari ya njia, tumwulize na yule aliyeipita.